Nyama ya chumvi na kabichi Machi 17: ni chakula cha Waairishi kweli, au ni cha New York?

#1 Kidari_Kilo2

Salaam wanajukwaa.

Naleta hoja, mwenye kuipinga aje na hoja. Kila Siku ya Mtakatifu Patrick ikikaribia, mapishi yanayozagaa ni yale yale: kidari cha ng'ombe kilicholala kwenye maji ya chumvi wiki nzima, kikachemshwa na kabichi, karoti na viazi. Tunaambiwa hicho ndicho chakula cha Ayalandi. Nasema sicho. Ayalandi kwenyewe sahani ya siku hiyo ni nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi, juu yake mchuzi mweupe wa paseli. Ng'ombe aliingia New York, baada ya njaa kuu ya 1845–1852 kuwatoa watu zaidi ya milioni moja kwao. Waliofika kule waliishi mitaa ya jirani na Wayahudi, na kidari cha chumvi kwenye bucha za Kiyahudi kilikuwa nyama ya bei nafuu. Kabichi nayo ilikuwa rahisi. Basi.

Kwa mwenye kutaka kupika, vipimo hivi hapa:

Kidari kilo 2, maji lita 2, chumvi gramu 200, sukari gramu 100, chumvi ya waridi gramu 10, kijiko kikubwa cha haradali, kimoja cha mbegu za giligilani, karafuu 6, pilipili manga. Chemsha maji na viungo vyote isipokuwa chumvi ya waridi, yaache yapoe kabisa, ndipo uitie. Zamisha nyama, kandamiza kwa sahani isielee, weka kwenye friji siku 7, ukiigeuza kila siku. Kisha isuuze, anza na maji baridi, chemsha kwa moto mdogo saa 3. Kabichi iingie dakika 15 za mwisho.

#2 Mwana_wa_Bandari

Mkuu, hii si ndiyo ile ya kopo tunayokaangia vitunguu?

#3 Sufuria_Nzito

Hapana. Ya kopo ni nyama iliyopikwa, ikasagwa na kushindiliwa ndani ya kopo. Anayoizungumzia mleta uzi ni pande zima, lenye nyuzi ndefu, unalikata slesi. Kwa Kiingereza zinaitwa jina moja, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Jina lenyewe linatokana na punje za chumvi ya mawe, kubwa kama punje za nafaka, zilizokuwa zikitumika kuihifadhi.

Halafu kuna jambo la hatari kwenye #1 ambalo halikuelezwa. "Chumvi ya waridi" hapo si ile ya Himalaya ya kusaga mezani. Ni chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, ina nitriti ya sodiamu asilimia 6.25, na hupakwa rangi hiyo makusudi ili mtu asiitie kwenye mchuzi akidhani ni ya kawaida. Nitriti nyingi ni sumu. Gramu 10 kwa jumla ya kilo 4 za nyama na maji ni kipimo sahihi, kinatoa sehemu kama 156 kwa milioni. Pima kwa mzani, kijiko kinadanganya.

#4 Kidari_Kilo2

Shukrani Sufuria_Nzito, hilo nililipita mbio mno.

#5 Jiko_la_Makaa

Ukikosa hiyo chumvi ya nitriti inakuwaje? Huku madukani haipo.

#6 Sufuria_Nzito

Nyama inaiva vizuri tu, ila inatoka ya kijivu badala ya nyekundu. Nitriti ndiyo inayoshika rangi ya damu ya nyama isibadilike kwenye moto. Huko Boston na New England yote ile ya kijivu ina wapenzi wake, wanaiona ndiyo yenyewe. Masharti mawili: friji iwe baridi kweli, nyuzi 2 hadi 4, na usizidishe siku 7. Nitriti haikuwekwa kwa ajili ya rangi peke yake, inazuia pia bakteria wabaya wanaopenda mahali pasipo hewa. Umeme wa kukatika katika si wa mchezo huu.

#7 Cork_Mjini

Narudi kwenye hoja ya #1, maana imebeba nusu ya ukweli. Kusema nyama ya ng'ombe ya chumvi si ya Ayalandi ni kuufuta mji wa Cork kwenye ramani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1663 na tena 1667 kuzuia ng'ombe hai wa Ayalandi wasiingizwe Uingereza. Mifugo ikabaki, bei ikaanguka. Wafanyabiashara wakachinja, wakatia chumvi, wakajaza mapipa. Cork ikawa bandari kubwa ya nyama hiyo, ikilisha meli na mashamba ya sukari ya Karibi. Kwa hiyo Waairishi ndio waliokuwa mafundi wake kabla New York haijawa mji mkubwa.

Tofauti ni kwamba aliyeitengeneza hakuila. Mwenye kibanda alikula viazi na maziwa. Hata nguruwe anayesifiwa kwenye #1 aliitwa "bwana mlipa kodi", kwa sababu aliuzwa ili mwenye shamba alipwe. Na mpaka leo bucha za Cork na Dublin zinauza nyama ya ng'ombe ya chumvi, tena wengine wanaiona chakula cha Pasaka. Krismasi Cork wana ya kwao yenye viungo vikali.

#8 Kidari_Kilo2

Umeandika vizuri, ila naona umeniunga mkono. Kama aliyeitengeneza hakuila, basi kama chakula cha sherehe kilizaliwa Marekani.

#9 Cork_Mjini

Sijakuunga. Aliyehama alikuwa anaijua kama chakula cha tajiri. Kufika New York na kukuta anaimudu, hiyo ndiyo sababu akaipeleka kwenye meza ya sikukuu. Hoja ya bucha za Kiyahudi inaeleza alikonunua, haielezi kwa nini aliitamani.

#10 Mama_Tanuri

Wakati mnabishana nyama, mkate umesahaulika, na ndio unaopikika kirahisi kwenye jiko lolote la Afrika Mashariki. Mkate wa magadi soda. Hauna hamira, hauumuki usiku kucha, dakika 50 uko mezani.

Unga wa ngano gramu 450, kijiko cha chai kimoja cha magadi soda, kimoja cha chumvi, mtindi mililita 350 hadi 400. Oveni iwe imeshafika nyuzi 230 kabla hujagusa unga. Chekecha vikavu pamoja, fanya kishimo katikati, mimina mtindi karibu wote kwa mkupuo, zungusha vidole vilivyopanuliwa kama makucha mpaka unga ushikane. Usikande. Ugeuze juu ya ubao wenye unga, uviringishe ufike unene wa sentimita 4, chora msalaba kwa kisu ufike karibu na chini, tia ndani. Dakika 15 kwa nyuzi 230, kisha shusha 200 kwa dakika 25 au 30. Ugonge chini, ukilia kama kitu kitupu umeiva.

Yanayoharibika:

Ukikanda kama chapati, unatoka mgumu kama tofali. Unga ukifinyangwa unajenga nyuzi zinazobana hewa isipande.

Ukiacha donge la mchanganyiko mezani ukajibu simu, gesi imekwisha. Magadi na asidi ya mtindi huanza kazi palepale vinapokutana.

Magadi yasipochekechwa, utaona madoa ya njano ndani na ladha ya sabuni.

#11 Jiko_la_Makaa

Magadi yale ya kulainishia maharage yanafaa? Maana ni magadi pia.

#12 Mama_Tanuri

Usijaribu. Yale ya mawe, ya kutoka ziwani, yamechanganyika na kabonati, ni makali kuliko magadi soda ya pakiti. Mtindi hautoshi kuyatuliza, mkate unakuwa wa njano na kinywa kinakuwa kama umelamba sabuni. Chukua ya pakiti, ile ambayo Kenya wanaiita beking soda. Beking pauda nayo ni kitu kingine, ina asidi yake ndani.

#13 Mtindi_Mzito

Nyongeza kwa #10. Mtindi wa dukani siku hizi ni mzito kama uji, na mala ya Kenya hali kadhalika. Waairishi wanatumia yale maziwa mepesi yenye uchachu yanayobaki baada ya kusukasuka na kutoa siagi, na kwa wazee wetu neno mtindi lilikuwa na maana hiyohiyo. Ukitumia mzito, pima mililita 280 za mtindi uongeze 100 za maziwa au maji, la sivyo unga haushikani na utashawishika kukanda. Asiye na mtindi kabisa: maziwa mililita 375, vijiko vikubwa viwili vya maji ya ndimu, subiri dakika 10 yagande kidogo.

Na unga uwe wa maandazi, wa kawaida. Unga maalumu wa mikate una nguvu nyingi. Ngano ya Ayalandi ni laini kwa sababu ya mvua na ubaridi, ndiyo maana mkate wa namna hii ulishika mizizi kule magadi soda yalipoanza kupatikana, karne ya 19.

#14 Mwana_wa_Bandari

Msalaba wa juu ni wa dini?

#15 Cork_Mjini

Wengi wanasema ni baraka. Wengine wanasema ni wa kuwafukuza mapepo wadogo wa hadithi za Kiairishi wasije wakauharibu mkate.

#16 Mama_Tanuri

Ni wa moto. Mkate mnene hivyo usipochanwa, katikati inabaki mbichi huku ganda limeshakauka. Mchano unafungua njia.

#17 Sufuria_Nzito

Na kuna waliokuwa wakioka juu ya kikaango, hasa kaskazini, wakaukata vipande vinne kabisa kabla ya kuoka ili kila kimoja kigeuzwe peke yake. Mimi naona mchano wa msalaba ni mabaki ya kuugawa robo robo. Dini imekuja kujisogeza baadaye.

#18 Parokia_ya_Mlimani

Haikujisogeza, ilikuwepo. Hata nyama mnayoizungumza inasimama juu ya kalenda ya Kanisa. Machi 17 huangukia Kwaresima karibu kila mwaka. Ayalandi, Patrick ni msimamizi wa nchi na siku yake ina hadhi ya Sherehe, juu ya Sikukuu na Kumbukumbu za kawaida. Ijumaa ya Kwaresima ikikutana na Sherehe, sharti la kuacha nyama linaondoka. Ndiyo maana siku hiyo ilikuwa siku ya nyama, baada ya wiki za kujinyima. Marekani siku hiyo si Sherehe nchi nzima, kwa hiyo ikiangukia Ijumaa, kama 2017 na 2023, maaskofu wengi hutoa ruhusa maalumu katika majimbo yao, wengine hawatoi.

Mwaka 2008 iliangukia Jumatatu ya Juma Kuu, na hapo hata Patrick alipisha. Maaskofu wa Ayalandi waliihamishia Misa yake Machi 15.

#19 Kidari_Kilo2

Hii ya #18 sikuitegemea, asante sana. Lakini haisemi ni nyama gani.

#20 Parokia_ya_Mlimani

Ni ile iliyokuwa ndani ya nyumba. Machi ni mwisho wa baridi kule, chakula ni cha pipa la chumvi na mboga iliyovumilia jalidi, yaani kabichi. Mwenye nguruwe alitoa nguruwe, mwenye ng'ombe alitoa ng'ombe. Mnabishania mnyama wakati jibu ni chumvi.

#21 Povu_Jeupe

Tuhamie glasini kidogo. Naona watu wanasema siku hii ni ya ulevi tangu enzi. Ayalandi baa zilifungwa kisheria Machi 17, hadi miaka ya 70.

#22 Cork_Mjini

Kufungwa ni kweli, mwaka umeukosea. Sheria ya 1927 ilizifunga kabisa siku hiyo, na sheria ya 1960 ikaziruhusu. Machi 17, 1961 zilikuwa wazi. Katika miaka ya katazo, mahali palipojulikana Dublin pa kupata kinywaji kihalali siku hiyo ni maonyesho ya mbwa ya Royal Dublin Society, na yalijaa watu wasiofuga mbwa.

#23 Povu_Jeupe

Nakubali marekebisho.

Sasa Guinness, maana inamiminwa vibaya kila mahali. Ya bomba: glasi safi isiyo na mafuta wala sabuni, iinamishe nyuzi 45, jaza robo tatu, weka chini. Subiri. Kampuni inataja sekunde 119.5 kwa zoezi zima. Rangi ya kahawia ikishageuka nyeusi tii, ongeza kwa kusukuma mpini kwa upande wa nyuma mpaka povu lipande kidogo juu ya ukingo. Nyuzi 6 hivi.

Ya kopo lenye kidude cha plastiki ndani: friji saa 3 kamili. Kidude hicho kina naitrojeni, ukifungua inafyatuka na kutengeneza povu. Kopo likiwa vuguvugu linamwagika lote mezani.

Ya chupa tunayoiona baa za Kenya na Tanzania, ile kali ya kusafirishwa nje, ni kinywaji kingine kabisa. Ina kabonidioksaidi, haina naitrojeni, kwa hiyo usisubiri lile povu la krimu, halitakuja hata umimine kwa ufundi gani. Kilevi chake ni kama asilimia 6.5 hadi 7.5 kutegemea nchi, na ya bomba ni 4.2.

#24 Mwana_wa_Bandari

Kwa nini viputo vyake vinashuka badala ya kupanda? Ukiangalia pembeni ya glasi vinaenda chini.

#25 Povu_Jeupe

Ni umbo la glasi. Ni pana juu, nyembamba chini. Viputo vinapanda katikati na kuvuta bia juu, kisha bia inarudi chini kwa kupitia ukutani na kubeba viputo vidogo vya naitrojeni. Unaviona vilivyo ukutani tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick waliueleza mwaka 2012: glasi ikigeuzwa umbo, viputo vya ukutani vinapanda.

#26 Sufuria_Nzito

Na kule kumimina mara mbili kuna maelezo mengine. Kabla ya naitrojeni, iliyoanza na mfumo wa Michael Ash mwaka 1959, baa zilikuwa na mapipa mawili: moja lenye bia changa yenye povu jingi, jingine lenye bia iliyotulia. Walijaza kwanza kwa moja, wakaacha litue, wakamalizia kwa jingine. Mapipa yameondoka, desturi imebaki.

#27 Povu_Jeupe

Ndiyo, lakini hata leo ukimimina mara moja povu linafurika na bia inabaki robo tatu. Desturi na sababu vyote viko hai.

#28 Bi_Zuhura_K

Salaam. Sisi tusiokula nguruwe wala kunywa kilevi, tukialikwa nyumba ya Mwairishi siku hiyo au tukitaka kuipika, kinabaki nini?

#29 Cork_Mjini

Kinabaki kingi, dada. Kidari cha ng'ombe wa bucha yako, viazi, mkate wa Mama_Tanuri, samaki aina ya samoni. Na usidhani asiyekunywa ni mgeni kule. Chama cha kuacha pombe cha Pioneer kilianzishwa Dublin mwaka 1898 na padri James Cullen, na wanachama wake walivaa beji ya Moyo Mtakatifu. Kuna soda yao nyekundu ya ladha ya ndimu. Na kinywaji cha kweli cha Ayalandi ni chai. Nzito, ya maziwa, vikombe vingi kwa siku. Barry's ya Cork, iliyoanza 1901, inachanganya majani ya Kenya na Rwanda na ya Assam. Pasha birika kwa maji ya moto uyamwage, kijiko kimoja cha majani kwa kila mtu na kimoja cha birika, maji yanayochemka kabisa, dakika 4 hadi 5 huku limefunikwa. Maji yasiyochemka yanatoa chai ya rangi bila nguvu.

#30 Bi_Zuhura_K

Ahsante. Viazi vyao vinapikwaje? Nasikia kuna vya kuponda na sukuma.

#31 Mama_Tanuri

Vinaitwa colcannon. Viazi mbatata kilo 1, vya aina inayopasuka unga ukichemsha. Kule ni Rooster na Kerr's Pink, Kenya Shangi inakaribia. Chemsha na maganda, menya vikiwa vya moto, rudisha sufuriani juu ya moto mdogo dakika 2 mvuke uishe. Hapo ndipo wengi wanapokosea: viazi vyenye maji vinakuwa uji. Maziwa mililita 150 yachemke na majani ya vitunguu, yamiminwe ya moto. Siagi gramu 100, nusu ndani, nusu kwenye shimo katikati ya sahani, kila mtu anachovya. Mboga gramu 300, ichemshwe pembeni, ikamuliwe hasa.

Sukuma wiki inafaa ila jani lake ni gumu kuliko la kule. Toa uti wa katikati, kata nyembamba, chemsha dakika 8 badala ya 4.

Na usitie mashine ya kusagia. Kisu cha mashine kinapasua chembe za wanga, viazi vinakuwa gundi.

#32 Parokia_ya_Mlimani

Nisahihishe kwa upole: colcannon ni ya Oktoba 31, usiku wa kuamkia Watakatifu Wote. Ilifichwa pete na sarafu ndani, atakayeikuta pete ataoa au kuolewa. Kuileta Machi ni mambo ya karibuni.

#33 Mama_Tanuri

Kabichi ya Machi ipo, viazi vya ghalani vipo, siagi ipo. Pete tutaiacha Oktoba.

#34 Pilau_Njeri

Kwenye #1 mtu akifuata vipimo bado nyama inaweza kutoka kavu kama kamba. Sababu ni tatu. Moto: maji yatetemeke tu, yasirukeruke. Kidari kina utando mwingi unaohitaji muda kulainika, moto mkali unakamua maji kabla utando haujayeyuka. Muda: saa 3 ni kwa kilo 2, uma ukiingia na kutoka bila kuvuta ndipo. Na kisu: kata kukingama nyuzi, slesi za unene wa penseli. Kidari kina pande mbili zenye nyuzi zinazoelekea njia tofauti, ukifika zinapopishana geuza pande.

Chumvi ikizidi, badili maji ya kuchemshia baada ya nusu saa. Ni kama ng'onda: kinachotolewa kwenye maji ya kwanza hakirudi. Kwa nguruwe ni lazima zaidi. Loweka usiku kucha, ichemke mara moja, povu jeupe likijaa juu mwaga anza upya. Dakika 20 kwa kila nusu kilo, ongeza 20.

#35 Sufuria_Nzito

Na kabichi ipikwe ndani ya maji hayo hayo ya nyama. Anayeichemsha pembeni kwa maji matupu ameacha nusu ya ladha sinkini.

#36 Pilau_Njeri

Hapo hatukubaliani. Dakika 15 za #1 ni sawa kwa kabichi iliyokatwa robo robo. Watu wengi wanaiacha saa nzima na nyama, inatoa ile harufu ya kiberiti. Na ikiwa maji bado ni chumvi kali, kabichi inanyonya yote.

#37 Mbuzi_Mzima

Mmezunguka Cork na New York, mkasahau mahali pengine ambapo Machi 17 ni sikukuu ya taifa: Montserrat, kisiwa cha Karibi. Waairishi walifika huko karne ya 17, wengine kama watumishi wa mkataba, wengine wakawa wamiliki wa watumwa. Machi 17, 1768 watumwa walipanga kuasi wakati mabwana wakiwa kwenye sherehe. Njama ilivuja, viongozi wakanyongwa. Leo kisiwa kinakumbuka hao pamoja na Patrick, na chakula cha siku hiyo ni mchuzi wa mbuzi.

Mbuzi kilo 2 na mifupa yake, vitunguu, saumu, thaimu, karafuu, basibasi, pilipili kali nzima isiyopasuliwa. Funika maji, moto mdogo saa 2 na nusu. Unga wa ngano vijiko vikubwa 3 uliokorogwa kwa maji baridi uingie mwishoni, mchuzi ushike kijiko kidogo tu. Unaliwa na mkate mgumu. Ukipasua pilipili sufuria imeharibika.

#38 Bi_Zuhura_K

Karafuu na basibasi! Huo naupika mimi.

#39 Kidari_Kilo2

Kumbe kwa #37 hata nguruwe na ng'ombe wote wawili wamepitwa. Nabaki na msimamo wangu kwa New York, lakini "chakula cha siku hiyo" naona kina miji mingi.

#40 Cork_Mjini

Nami nabaki na wangu kwa mapipa ya Cork.

#41 Povu_Jeupe

Kwa wanaotaka kahawa ya Kiairishi usiku: glasi ipashwe, sukari ya kahawia vijiko viwili vya chai, wiski mililita 40, kahawa ya moto 130, koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Krimu ipigwe kidogo tu, imiminike bado, ipite juu ya mgongo wa kijiko. Ikizama, ama hukuweka sukari, ama krimu haikupigwa. Sukari inaongeza uzito wa kahawa, krimu inapata pa kulalia. Joe Sheridan aliianzisha Foynes, huko huko Ayalandi, miaka ya 1940, kwa abiria wa ndege za majini waliofika wakitetemeka.

#42 Jiko_la_Makaa

Mama_Tanuri, sina oveni. Sufuria na makaa juu na chini, kama keki ya mkaa, mkate wako utaiva?

#43 Mama_Tanuri

Utaiva, na ndivyo ulivyookwa zamani kule: chungu cha chuma cha miguu mitatu, kaa la mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaokaushwa na kuchomwa kama kuni) kwenye mfuniko. Sufuria nzito, ipashe tupu dakika 10, nyunyiza unga chini badala ya mafuta. Makaa mengi juu kuliko chini, mawili kwa moja. Dakika 40, usifunue kabla ya 25. Ukitoka, ufunge kwa kitambaa safi ganda lilainike, na ulieni siku hiyo hiyo. Kesho yake unakuwa wa kukaanga na siagi.

#44 Jiko_la_Makaa

Sawa. Mtindi ninao, magadi ya pakiti naenda kuchukua sasa hivi.